Walionipita Mlangoni Wakitabasamu

Asubuhi baada ya uchaguzi mkuu, kabla sijavua koti, binti yangu Lorna aliniuliza swali. Alikuwa amesimama jikoni kwangu, bado na viatu alivyovaa ukumbini kura zilipokuwa zikihesabiwa, macho mekundu kwa kukesha. Akasema, "Mama, ni mimi au ni kiongozi?"

Lorna alikuwa mbunge wetu hapa Marlbeck kwa vipindi viwili. Usiku ule kiti chake kilichukuliwa na mtu wa chama kingine, bwana mmoja mwenye suti mpya ambaye nilimsikia kwa masikio yangu akiulizia njia ya kwenda hospitali. Hatukuanguka peke yetu. Nchi nzima chama chetu kilipigwa, na maji ya chai yalikuwa hayajachemka televisheni ilipomwonyesha kiongozi wetu akitoka nje kwenye manyunyu na kutangaza kwamba anajiuzulu. Mkewe alisimama nyuma yake kidogo. Alikuwa amemshika mkono wa koti, upande ambao kamera haikuuona vizuri. Nilimpenda kwa hilo.

"Kaa ule kwanza," nilimwambia Lorna, nikamkaangia mayai.

Alikula kama mtu anayetimiza amri. Kisha akasema, "Sikuulizi ili unifariji. Nataka kujua. Kama walimkataa kiongozi, atakuja mwingine, na mimi nitagombea tena. Kama walinikataa mimi, bora nijitoe, wamtafute mtu wanayemtaka. Alhamisi ijayo tawi la chama linakutana, na mwenyekiti Malcolm atataka jibu langu."

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Wewe waulize. Mji mzima unakupenda. Mimi hakuna atakayeniambia kitu."

Nilikubali, na sikukubali kwa sababu ya umama tu. Mimi mwenyewe nilikuwa na hamu ya kujua. Siku nzima ya uchaguzi nilikuwa nimekaa kwenye mlango wa shule ya Mill Lane, ua la utepe wa chama chetu kifuani. Hiyo ndiyo kazi yangu kila uchaguzi tangu nilipokuwa msichana. Kila chama huweka mtu wake pale mlangoni, unamwomba mpiga kura namba yake ya daftari, na jioni wenzako wanajua ni nani wa kwenu bado yuko nyumbani, wakamgongee. Kwa hiyo watu wote wa kituo kile walinipita. Walinisalimu. Walisimama wakaniulizia goti langu. Wengi walichukua biskuti kwenye kopo langu, wakaingia, wakapiga kura, wakatoka wakitabasamu. Nilirudi nyumbani nikidhani tumeshinda.

Sasa, kwetu huku mtu haulizwi alimpigia nani. Watu wawili wanaweza kulala kitanda kimoja miaka hamsini na kila mmoja akaingia kaburini na kura yake. Marehemu mume wangu, Walter, mimi sikuwahi kumuuliza, naye alikuwa na heshima ya kutoniambia. Kwa hiyo ile wiki nilivunja adabu niliyolelewa nayo, na nilianza kwa mtu ambaye nilijua atanisamehe.

Nadeem Akhtar ana duka la dawa karibu na daraja. Nilimjua akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni na baba yake. Aliniona tu nikiingia akavuta kile kiti anachowawekea wazee.

"Shangazi Enid, goti?"

"Goti lipo. Leo nimekuja na swali baya. Ulitupigia kura?"

Aliangalia chupa za dawa ya kikohozi kwanza. "Niliwapigia ninyi, shangazi. Wewe unajua. Tatizo ni yule kiongozi wenu. Watu walimchoka."

"Walichoka nini kwake?"

"Kwa ujumla tu."

"Kuna neno alilosema likakuudhi?"

Nadeem alifikiri. Ni mtu mkweli, na nilimwona anatafuta kabisa. "Tai zake," akasema mwishoni, halafu akaniwekea pakiti ya peremende za koo mfukoni na kukataa nizilipie.

Nikaenda saluni. Wanawake watatu walikuwa wamekaa chini ya mashine za kukausha nywele, na wote watatu walisema ni kiongozi. Mmoja alisema sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma tangazo la treni iliyochelewa, na wenzake wakacheka sana, wote wakisema kwa kupaza sauti ili kuzishinda kelele za mashine. Lakini wao walitupigia, walisema. Mwuza samaki alitupigia. Dereva wa basi la kwenda bondeni alitupigia. Bwana mmoja ambaye sijawahi hata kujua jina lake alinisimamisha nje ya maktaba, akaniambia nimwambie Lorna asijali, alimpigia, na kosa lilikuwa la kiongozi.

Mwisho nilikwenda kwa Beryl Entwistle. Beryl ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tunashona pamoja kwenye kiwanda cha mapazia, kabla hakijafungwa. Anaishi na kaka yake Stanley, ambaye mapafu yake yameisha na hatoki nyumbani. Alinipakulia mchuzi wa kondoo uliofunikwa viazi, akanipa kile kipande cha juu kilichokauka vizuri, kwa sababu anajua nakipenda.

"Beryl," nilisema, "wewe na mimi hatujawahi kuulizana."

"Na tusianze leo."

"Lorna anataka kujua. Anasema kama ni yeye, anaacha."

Beryl aliinuka akaenda kuzima jiko ambalo lilikuwa limezimwa tayari. "Mwambie binti yako ale, alale. Ni kiongozi, kipenzi. Kila mtu anasema."

"Ndiyo. Kila mtu anasema."

"Basi."

"Wanasema kwa maneno yale yale, Beryl. Kama wamefundishwa darasani."

"Umekonda," Beryl akasema, akaniongezea viazi.

Nilitembea kurudi nyumbani nikifanya hesabu ya kijinga kichwani. Kama wote walionihakikishia kwamba walitupigia walikuwa wametupigia kweli, Lorna angekuwa ameshinda kiti hiki na cha jirani. Sikukasirika. Nilishangaa tu, kama unavyoshangaa ukikuta sufuria tupu na kila mtu nyumbani anasema hajala. Nikajiuliza ni nani katika mji huu hana sababu ya kunionea huruma. Jina moja tu likaja.

Cyril Ormerod amekaa upande wa pili wa mlango ule wa shule kwa muda wote niliokaa mimi, na utepe wa chama kile kingine. Ndicho kilichoshinda safari hii. Mvua ikinyesha tunabanana chini ya mwavuli wake kwa sababu wangu ni mdogo. Mimi naleta biskuti, yeye analeta chai kwenye chupa, na nikienda msalani yeye ndiye anayeniandikia namba zangu, na hajawahi kuniibia hata moja. Nje ya siku za kura hatuonani sana. Nilimkuta kwenye kishamba chake cha kukodi nyuma ya reli, amepiga magoti kwenye gunia, anafunga maharage kwenye vijiti.

"Umekuja kunizomea?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimekuja kukupongeza."

"Mwongo mkubwa. Nishikie kamba hii."

Nilishika kamba. Nikamwuliza swali langu. Cyril alifunga fundo, akalitazama, akalifungua, akalifunga tena.

"Kiongozi wenu," akasema. "Hakuwa na mvuto."

"Cyril, hata wewe?"

"Hata mimi nini?"

"Watu wote wa Marlbeck wananipapasa kichwa kama mtoto aliyeanguka. Nimekuja kwako kwa sababu wewe ni adui yangu."

"Mimi si adui yako," alisema, na nikaona amenuna kidogo. "Nimekunywesha chai miaka yote hiyo."

Nilivuta ndoo iliyopinduliwa, nikakaa, nikaanza kumkatia kamba vipande vya urefu mmoja. Nimelea watoto na wajukuu, na jambo ninalolijua ni kwamba mtu mwenye neno mdomoni hatulii ukimnyamazia vizuri. Treni ilipita ikielekea Manchester. Ikapita nyingine. Safu ya kwanza ya maharage ikaisha, tukahamia ya pili. Cyril akavua glavu.

"Ule mlango wa sokoni," akasema.

"Mlango upi?"

"Enid, usinifanye niseme kila neno. Ile ofisi ya binti yako kwenye ukumbi wa soko. Zamani kila Jumamosi alikuwa anakaa pale, mlango wazi, watu wanaingia na shida zao na mikoba yao ya kununulia mboga. Hata mimi niliwahi kwenda kwa ajili ya mtaro wangu, na alinisaidia, mimi wa chama hiki. Kisha siku moja kufuli. Kibandiko kimebandikwa, piga simu. Unapiga, simu inakuimbia muziki, halafu kijana wa London anakuambia utume maelezo. Wiki zinapita."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba watu wanasema msichana wako amekuwa mkubwa? Tulikuwa tunagonga milango wakati wa kampeni, na sisi hata hatukutaja jambo hilo, nakuapia. Walilitaja wenyewe. Nyumba baada ya nyumba. 'Yule binti wa Enid, siku hizi humwoni.' Nyumba za watu wenu kabisa."

"Na walisema kuhusu kiongozi?"

Cyril alifikiri. "Mmoja alisema kuhusu tai zake."

Nilicheka, naye akacheka, kisha akaniona na akaacha. Aliniletea kiti chake kizuri kutoka kwenye kibanda, chenye mgongo, akaichukua ile ndoo yeye.

Kitu kilichonisumbua njiani kurudi kilikuwa kufuli. Nilikuwa najua habari yake. Nilimuuliza Lorna wakati ule, akaniambia ukumbi unapakwa rangi. Nami niliridhika, nikarudi kwenye kufuma sweta la mjukuu wangu Tess, binti yake.

Nilimkuta Lorna katika ile ofisi yenyewe ya sokoni. Mbunge akishindwa hapewi muda mrefu wa kuomboleza, anatakiwa kuondoa vitu vyake, na yeye alikuwa sakafuni anafungia vikombe kwenye magazeti. Kufuli lilikuwa juu ya meza, limefunguliwa.

"Umepata jibu?" aliuliza.

"Nimepata swali. Hili lilikuwa la nini?"

Alilitazama kufuli, kisha mikono yake. "Nilikuambia. Rangi."

"Rangi ya miaka miwili, mwanangu?"

Alijaribu kucheka. Nikamwondolea gazeti mkononi, kwa sababu alikuwa anafunga kikombe kimoja kwa mara ya tatu.

"Kuna jamaa alianza kuja kila Jumamosi," alisema. "Hakuwa na shida ya kuleta. Anakaa kiti cha mwisho, ananitazama mpaka tunafunga. Siku moja akanifuata mpaka kwenye gari, akainama dirishani, akanitajia shule ya Tess na rangi ya mkoba wake. Kwa sauti nzuri tu, kama anayeniulizia hali ya hewa."

Nilikaa. Sikumbuki kama nilitafuta kiti au kiti kilikuwepo.

"Polisi walishauri nisikae kwenye mlango ulio wazi. Nikafunga. Na nikaona nikisema sababu, Tess atasikia shuleni, na wewe hutalala tena. Basi nikasema rangi."

"Yuko wapi sasa, huyo mtu?"

"Alifikishwa mahakamani majira yale ya baridi. Amekatazwa kunikaribia, na baadaye akahama. Hiyo ndiyo sehemu mbaya, mama. Alihama. Ningeweza kufungua. Lakini nilikuwa nimeshazoea kuwa na Jumamosi. Nilikuwa namsindikiza Tess kuogelea. Nilijiambia simu inatosha."

Nilimweleza aliyoniambia Cyril. Nilimweleza yote, hata lile la kuwa mkubwa, maana alikuwa ameniomba ukweli na mimi nilikuwa nimeutafuta kwa miguu. Alisikiliza akiwa amelishika kufuli.

"Basi ni mimi," alisema. "Alhamisi nitawaambia wamtafute mtu mwingine."

"Waambie. Lakini kabla hujawaambia, waeleze mlango ulifungwa kwa nini. Hukuwaambia wewe, na wao hawakukuambia. Mimi nimezungushwa mji mzima katikati yenu."

"Itasikika kama natafuta kisingizio."

"Inaweza kusikika hivyo," nilisema, kwa sababu ni kweli ingeweza. Nikachukua gazeti nikamsaidia kufunga vikombe.

Alhamisi chumba cha juu cha klabu ya wafanyakazi kilijaa kuliko nilivyowahi kukiona. Watu hawaji tukishinda. Malcolm Tattersall, mwenyekiti wetu, ni mtu mwema ambaye anaogopa ugomvi kama wengine wanavyoogopa mbwa. Katika mikutano yake yote huuliza, "Tumekubaliana?" na sote hunung'unika ndiyo, naye huandika kwamba wote wamekubali. Jioni ile alikuwa na mambo mawili ya kumaliza. La kwanza, tawi limpendekeze nani kuwa kiongozi mpya wa chama, maana walikuwa wamebaki wawili, mwanamume wa London na mwanamke wa kutoka pwani ya Newcastle. La pili, Lorna.

Waliopenda yule wa London walisema tunahitaji mtu anayependeza kwenye televisheni. Waliopenda yule mama walisema tumekuwa na wa kupendeza mpaka tumechoka. Bwana mmoja nyuma akasema yeye angemtaka yeyote asiyevaa tai. Watu wakacheka, na Malcolm akaona upenyo.

"Nadhani sote tunakubaliana kwamba kosa safari hii lilikuwa la kiongozi aliyeondoka," alisema. "Tumekubaliana?"

Kabla hatujanung'unika, Lorna alisimama. "Mimi sijakubali, Malcolm."

Malcolm alishika kalamu yake kwa mikono miwili. Lorna hakwenda mbele. Alisimama pale pale kwenye kiti chake, kati yangu na dirisha, akaeleza habari ya yule jamaa. Aliisema kwa maneno machache kuliko aliyoniambia mimi. Hakutaja rangi ya mkoba. Kisha akasema na lile jingine, kwamba mtu yule alihama na yeye hakuufungua mlango. "Hilo halikuwa la kiongozi," alisema. "Na halikuwa la polisi. Lilikuwa langu. Nilikuja hapa kuwaambia mmtafute mtu mwingine. Lakini ningependa kwanza mtu mmoja aniambie ukweli, kwa sababu mama yangu amewauliza wiki nzima na nyote mmempa peremende."

Nilisikia wacheza mpira wa mezani wakigonga huko chini. Nadeem, aliyekuwa amesimama karibu na birika la chai, aliangalia viatu vyake. Nilimwonea huruma Malcolm. Alifungua mdomo kutuokoa, na hapo Beryl akasema, bila kusimama, mkoba wake ukiwa kwenye kiti cha pembeni ili kisikaliwe na mtu.

"Mimi sikukupigia, Lorna."

Aligeuka kunitazama mimi kwanza. Kisha akaendelea.

"Serikali ilikata malipo ya ugonjwa ya Stanley. Walisema anaweza kufanya kazi. Stanley, ambaye hawezi kupanda ngazi kwenda kulala. Nilikuja sokoni Jumamosi, kunanyesha, nikakuta kufuli. Nilipiga simu nikasikiliza ule muziki mpaka nikaujua. Siku ya kura niliingia pale shuleni, nikachukua ile penseli iliyofungwa kwa kamba, nikaweka alama kwa yule mwingine. Halafu nikatoka nikachukua biskuti ya Enid. Nimeshindwa kuimeza mpaka leo."

"Mbona hukuniambia, Beryl?" niliuliza. Nilikuwa nataka kujua kweli, sikuwa nalaumu. "Ulikuwa unaniona kila Jumanne."

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unanionyesha sweta la Tess."

Nadeem akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi kule kwenye kituo chetu cha darajani sikwenda kabisa," alisema. "Nilikudanganya, shangazi. Watu walikuwa wanakuja dukani kwangu na karatasi za serikali wakitaka niwasomee, kwa kuwa sokoni pamefungwa. Nilikuwa nafunga duka jioni nimechoka. Siku ya kura nilikaa nyumbani."

Baada ya hapo hawakungoja zamu. Mmoja wa wale wanawake wa saluni alisema yake. Dereva wa basi alisema, kwa ukali mpaka mkewe akamvuta shati. Wengine walimsikitikia Lorna kwa habari ya yule mtu, na wengine walisikitika na bado wakamlaumu, katika sentensi moja. Malcolm aliacha kuandika. Lorna alikuwa amesimama muda wote. Nilitaka kumvuta akae, kisha nikaona kwamba hataki kukaa, na nikaiacha mikono yangu mapajani.

Maneno yalipopungua, Malcolm akajikohoza. "Kwa hiyo, Lorna. Unajitoa?"

Lorna alizunguka chumba chote kwa macho. "Nilikuja nikiwa nimeamua kujitoa," alisema. "Nilidhani mmenichoka na mnaona haya kusema. Sasa mmesema. Kama mtanitaka, nitagombea. Kama hamnitaki, leo nitajua kwamba ni kweli hamnitaki. Pigeni kura, kwa mikono, hapa hapa."

Malcolm akauliza kwa mazoea kama tumekubaliana. Watu kadhaa wakamjibu hapana, hesabu. Basi akalazimika kuhesabu, na mtu yule hakuwa na uzoefu. Alianza upande wa dirisha, akapotea kwenye birika, akaanza tena. Niligeuka kuangalia, maana sikuweza kujizuia. Mikono mingi ilikuwa juu. Mikono mingi ilikuwa chini pia, ya watu ninaowapenda, na hawakuificha. Mwanamke wa saluni alikuwa ameinua wake nusu, akaufikiria, akaumalizia juu. Mkono wangu niliuinua, na sikujifanya kwamba nimefikiri.

Iliyokuwa juu ilizidi, si kwa mingi. Malcolm alihesabu tena ili kuhakikisha, na mmoja akawa amebadili mawazo akaushusha, lakini bado ilizidi.

Mkono wa Beryl haukuinuka mara zote mbili.

"Bado, Lorna," alisema. "Nitaangalia kwanza."

"Sawa," Lorna akasema. "Angalia."

Kuhusu kiongozi mpya, muda wa chumba ulikuwa umekwisha na watu wa mchezo wa bingo walikuwa wameanza kuleta meza zao. Malcolm alisema atawaandikia makao makuu kwamba tawi la Marlbeck halijaamua kati ya wale wawili. Mtu akasema waje wenyewe hapa wakae kwenye kiti tuwatazame. Hilo liliungwa mkono na wote, na Malcolm aliliandika kwa furaha.

Watu walishuka ngazi taratibu. Nadeem alimpitia Lorna, akamwambia nyuma ya duka lake kuna chumba chenye meza, kina milango miwili na hakikosi watu Jumamosi, na kwamba mtu hahitaji kuwa mbunge ili akae pale na kusoma karatasi za watu. Alisema hayo akiwa anakunja kofia yake. Lorna alimshukuru, akamwambia atakuja kukiona kesho.

Mimi nilibaki nikikusanya vikombe ili wale wa bingo wapate nafasi. Nilimwona Lorna akivuka chumba mpaka kwa Beryl, ambaye alikuwa bado hajasimama.

"Stanley amefikia wapi?" aliuliza. "Walimwandikia nini mara ya mwisho?"

Beryl alimtazama. Alikuwa bado amekasirika, namjua. Kisha akauondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni.